Madini Yaliyodumu Siku Mbili

Walisema sitaweza. Naanza na maneno yao kwa sababu wengi wa waliosema bado wako hai na wanasoma bila miwani, na ningependa wajione mapema. Mjomba wangu Shikuku, kaka yake mama, alisema mbele ya watu wote waliokuja kuniaga katika landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, Nakuru: "Huyu hawezi hata kuwasha moto wa mabua. Uingereza watampa kazi ya kuchunga kuku." Mzee Yohana wa kanisani alisema nitarudi na mke na pombe lakini sitarudi na cheti. Mwalimu wangu wa zamani, aliyenifundisha kusoma, alisema mkono wangu wa kuandika ni mzuri ila kichwa kinavuja.

Nilirudi katikati ya miaka ya hamsini na diploma ya kemia ya vitu vigumu, yenye muhuri mwekundu. Sikuwa na mke, sikuwa na pombe, na kichwa kilikuwa kimezibwa vizuri kabisa. Katika landi zetu hakuna aliyewahi kuiona diploma, kwa hiyo walinipa jina hilo. Mpaka leo wapo watu Nakuru wanaonijua kama Diploma tu, na ukiwauliza Elkana ni nani watakwambia alihama.

Sasa nimestaafu, na vijana wa maabara wameniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa. "Wameniomba" ni neno la adabu. Nilijitolea kabla hawajafungua mdomo. Habari za vyeo nitawaachia wenye faili. Nitawaeleza kazi yenyewe, hasa ile kesi ya unga mweupe, kwa sababu nimesikia inasimuliwa vibaya na watu ambao hawakuwepo.

Maabara yetu ilikuwa nyumba ya mabati karibu na reli. Kazi yake ilikuwa kupima udongo na mawe ya watu. Walowezi wa Kuresoi walituletea udongo wa viazi, wa Ndabibi wakatuletea udongo wa malisho, na wachimbaji wakaleta mawe waliyodhani ni dhahabu. Hayakuwa dhahabu hata siku moja. Mkubwa wetu alikuwa Mzungu mrefu, mwembamba, ambaye watu walimwita Bwana Mizani kwa sababu alipima kila kitu. Siku yangu ya kwanza nilivaa suti na tai, nikamwekea diploma yangu mezani. Hakuisoma. Aliichukua kwa koleo, akaiweka juu ya mizani, akasubiri sindano itulie.

"Gramu kumi na mbili," akasema. "Sasa tuone kama wewe una uzito zaidi."

Nilichukia kwa wiki nzima. Lakini yule mtu alinifundisha kazi. Alinifundisha kutopumua mbele ya mizani, kupima mara tatu hata kama mara ya kwanza imependeza, na kutoamini chupa yoyote ambayo sikuiosha mwenyewe. Sheria yake kubwa ilikuwa hii: andika ulichokiona kabla hujaandika unachofikiri. Niliinakili ndani ya jalada la daftari langu kwa wino mwekundu. Mtaona punde kwamba kuinakili ni kazi rahisi kuliko kuifuata.

Nyuma ya maabara, chini ya turubai, kulikuwa na mashine ya eksirei. Si ile ya hospitali ya kupiga picha mifupa. Hii ilikuwa ya kupiga picha mawe. Ilitoka katika ofisi moja ya Nairobi iliyoshindwa kuiwasha, ikaletwa kwetu tushindwe kwa zamu yetu. Nilipoiona nilicheka peke yangu. Huko nilikosoma, ndiyo mashine niliyoishi nayo miaka mitatu, nikiijua kuliko nilivyomjua mwenye nyumba wangu.

Nyinyi vijana mnabonyeza kitufe, mnakunywa chai, karatasi inatoka. Acheni nieleze tulivyofanya sisi. Chembe ndani ya kitu kigumu zinaweza kupangwa kwa namna mbili. Zinaweza kusimama kwa safu kama askari wa gwaride, na kitu hicho tunakiita fuwele. Chumvi ni fuwele. Au zinaweza kusimama ovyo kama watu sokoni, kila mmoja akitazama kwake, kama zilivyo katika kioo cha dirisha. Kwa macho huwezi kujua. Lakini ukisaga kitu hicho, ukakipaka kwenye uzi mwembamba, ukauweka katikati ya kopo dogo la duara lililozungushwa filamu kwa ndani, kisha ukakipiga kwa eksirei saa nane mfululizo, filamu itakwambia. Askari wa gwaride huacha mistari myembamba, mikali. Watu wa soko huacha ukungu tu. Na kila fuwele ina mistari yake, kama kila mtu alivyo na alama zake za vidole. Hiyo ndiyo elimu niliyoivukia bahari.

Sasa kesi. Karibu na ziwa Elmenteita kulikuwa na machimbo madogo ya unga mweupe uitwao diatomaiti. Sizungumzii yale makubwa ya Kariandusi ambayo kila mtu anayajua; haya yalikuwa ya Mzungu mmoja, na siku hizi yameshafungwa. Unga ule ni mabaki ya vijidudu vya majini vya kale, vyenye maganda ya kioo. Ukiuchoma katika tanuri unakuwa chujio zuri sana, na kiwanda kimoja cha sukari huko magharibi kilikuwa kikiununua kuchujia sharubati yake. Ukiwa mbichi ni mweupe. Ukishachomwa unageuka kuwa wa waridi kidogo, kwa sababu ya chuma kilichomo. Kila mnunuzi alijua hivyo: waridi umeiva, mweupe haujaiva.

Mkuu wa watu wa tanuri alikuwa mjomba Shikuku, yule wa moto wa mabua. Alikuwa na wanaume sita chini yake, na wote saba waliishi kambini hapo na wake zao na watoto.

Jumatatu moja mwenye machimbo alikuja maabara akibeba mfuko. Watu walimwita Bwana Haraka, na jina lilimtosha. Aliingia akiwa ameshaanza kusema. Kiwanda cha sukari kilikuwa kimerudisha shehena nzima kwa sababu unga ulikuwa mweupe pepe. Hawakuujaribu hata kidogo. Waliufungua, wakaiona rangi, wakaandika kwamba wameuziwa udongo mbichi kwa jina la uliochomwa.

"Ile watu ya tanuri nalala," Bwana Haraka aliniambia kwa kile Kiswahili chake. "Nalala, halafu nauza kuni yangu. Jumamosi ya wiki ingine, yote saba nakwenda. Bibi, toto, kuku, yote."

Bwana Mizani alipima. Alichukua unga mweupe, akaukausha, akaupima, akauchoma kwa moto mkali, akaupima tena. Unga uliochomwa sawasawa hautakiwi kupungua uzito ukichomwa mara ya pili; mbichi hupungua. Huu ulipungua. Alirudia mara tatu, ukapungua mara tatu.

"Ni mbichi," akasema, na akaanza kuandika ripoti.

Nilimwomba asubiri. Nilimwambia ukweli, kwamba mkuu wa wale watu ni mjomba wangu, na nikaongeza kitu ambacho sikuwa na haki ya kusema, kwamba mashine ya eksirei itakuwa tayari Ijumaa. Alinitazama sana.

"Mashine ile haina mota ya kuzungusha uzi. Haina pampu ya maji ya kuipoza. Vyote viko melini."

"Nitapata," nikasema.

"Wapi?"

"Nakuru."

Jumanne nilienda kumwona mjomba kambini kwa lori la maabara. Nilimkuta amekaa juu ya gogo mbele ya tanuri, amejikunja. Mvua yote iliyomnyeshea maishani sijui kama iliwahi kumpinda vile. Mtu akifukuzwa kazi siku zile alipoteza nyumba siku hiyo hiyo, na bila barua ya mwajiri hakuwa na ruhusa ya kukaa Bonde la Ufa. Angerudishwa kwao na mabunda yake, akiwa na umri ule, kwenda kuanza upya katika shamba ambalo ndugu zake walishagawana.

"Mjomba, mliuchoma ule unga au hamkuuchoma?"

"Tuliuchoma."

"Kuni mliuza?"

"Kuni ziko pale nyuma. Kahesabu." Zilikuwepo kweli, rundo zima, nyingi kuliko zilivyotakiwa kubaki.

"Kwa nini zimebaki?"

Akageuza uso kando. "Mpwa wangu, wewe ndiwe mwenye diploma. Mimi nitajuaje?"

Niliona anaficha kitu. Lakini mlangoni kwake wakati ule palikuwa na kelele kubwa: mkewe, Mama Rasoa, alikuwa anagombana na jirani juu ya kitu kilichopotea, na mjomba akaniomba kwa ishara niondoke kabla hajaitwa kutoa ushahidi. Nikaondoka.

Ndipo nikaanza kukopa. Uzi wenye unga lazima uzunguke polepole, na kitu kinachozunguka polepole bila kuchoka ni saa. Landi nzima ilikuwa na saa moja ya ukutani, ya kanisa. Mzee Yohana aliikumbatia kama mtoto.

"Diploma, hii saa imeongoza ibada miaka tisa."

"Itaongoza na sayansi siku kumi."

"Na mhubiri atajuaje amefika mwisho?"

"Si mtakohoa?"

Alinipa, lakini alinitaka niape. Niliapa.

Maji yalikuwa shida kubwa zaidi. Eksirei hutoka katika bomba linalopata moto vibaya, na lisipopozwa linapasuka. Mabomba ya mji yalikuwa yakikauka mchana. Nilifikiri siku nzima nani katika Nakuru ana pipa lenye bomba la shaba lililozungushwa ndani yake, lililotengenezwa makusudi kwa kupoza. Jibu lilikuja na harufu yake. Mama Nafula wa Bondeni alikuwa mpishi wa chang'aa, na mtambo wake ulikuwa safi kuliko vyombo vingi nilivyoviona Uingereza.

"Unataka pipa langu na bomba langu," akasema, mikono kiunoni. "Na mimi nitapika kwa kitu gani, kwa dua?"

"Ni kwa ajili ya mjomba wangu Shikuku."

"Shikuku wa tanuri? Yule hajawahi kunywa kwangu bila kulalamika." Akafikiri. "Chukua. Siku kumi. Lakini wateja wangu wakija, wewe ndiwe utakayewaambia."

Walikuja. Walijua ni nani aliyechukua pipa, na kwa siku kumi sikupita Bondeni bila kuulizwa na watu wazima, wengine wakiwa karibu kulia, sayansi itakwisha lini. Sijawahi tena katika maisha yangu kuona umma ukifuatilia utafiti kwa hamu ile.

Uzi wa kupakia unga niliupata kwenye mkia wa punda wa mchuuzi wa maji. Nywele zetu zinajikunja, na hii kazi inataka unywele ulionyooka. Punda hakuulizwa.

Ijumaa mashine iliwaka. Sikushangaa, ila Bwana Mizani alishangaa, na nilihakikisha nimesimama mahali ambapo ningeona uso wake. Tulikaa nyuma ya bamba la risasi, kwa maana mwanga ule hauonekani lakini unakula nyama. Hilo nililiona kwenye vidole vya mwalimu wangu wa Uingereza na sikulisahau. Nilianza na unga mbichi. Saa ya kanisa ilizunguka, maji yalipita katika bomba la Mama Nafula, na saa kumi jioni niliiosha filamu: ukungu mtupu, duara moja jeupe lililofifia. Watu wa soko. Sawa kabisa na vitabu.

Jumatatu nilipiga unga wa waridi, ule wa zamani uliokubaliwa. Mistari ilionekana, hafifu, kama safu zinazoanza kujipanga. Jumanne nikapiga unga mweupe wenye kesi.

Nilipoitoa filamu kwenye maji nilipiga kelele. Mistari ilikuwa mikali kama wembe, mikali kuliko ya unga wa waridi mara nyingi. Unga ule haukuwa mbichi. Ulikuwa umeiva kuliko unga wowote uliowahi kutoka kwenye tanuri lile. Chembe zake zilikuwa zimesimama gwaride na bendera juu.

"Umebadilisha filamu," Bwana Mizani akasema.

Nilipiga nyingine Jumatano, kwa mfuko alioufungua yeye mwenyewe. Ikawa vile vile. Akaweka filamu mbili dirishani, akazitazama kwa lenzi, kisha akakaa.

"Mizani inasema mbichi. Filamu inasema imeiva. Moja inadanganya."

Hapo, vijana wangu, ningetakiwa kukumbuka wino mwekundu. Lakini nilikuwa nimeona kitu kingine. Katikati ya mistari mikali kulikuwa na mistari minne au mitano myembamba sana, ambayo haikuwa ya madini yoyote katika orodha tuliyokuwa nayo. Niliipima kwa rula mara tatu. Haikuwepo orodhani. Sasa mtu mwenye akili angesema: orodha yetu ni fupi, kurasa nyingine zimeliwa na mchwa. Mimi nilisema: nimegundua madini mapya. Unga ule ulipungua uzito kwa sababu ya madini mapya, ulikuwa mweupe kwa sababu ya madini mapya, na madini mapya lazima yapewe jina la aliyeyagundua. Nikayaita elkanaiti.

Ningeweza kuliweka daftarini na kunyamaza. Badala yake nilimwambia mama. Mama akamwambia Mzee Yohana, na Jumatano hiyo hiyo jioni, katika kikao cha sala, Mzee Yohana akatangaza kwamba Mungu amefungua jiwe jipya katika Bonde la Ufa kwa mkono wa kijana wetu, pamoja na saa yetu. Watu walisimama. Nilitoa hotuba. Nilieleza kwamba siku moja watoto wa shule watalikariri lile jina. Mwalimu wangu wa zamani alikuja kunishika mkono, na nikamuuliza kama kichwa bado kinavuja.

Ijumaa, siku moja kabla ya watu kufukuzwa, nilitaka kuyatenga madini yangu yawe peke yake niyapige picha safi. Niliosha unga mweupe kwa maji ya moto, nikauchuja, nikaukausha, nikapiga filamu ya haraka. Mistari mikali ilibaki. Ile mistari yangu minne au mitano ilikuwa imetoweka. Elkanaiti ilikuwa imeondoka na maji.

Nikakausha maji yale kwenye bakuli juu ya jiko. Yalibakiza ukoko mweupe, mkavu, pembeni. Niliuangalia sana. Katika kemia hakuna anayekufundisha kuonja. Kwa kweli wanakufundisha usionje. Nilichovya kidole nikaonja.

Ladha ile niliijua kabla sijaota meno. Ilikuwa kwenye kunde, ilikuwa kwenye mrenda, ilikuwa kwenye maharagwe ya kila Jumapili. Yalikuwa magadi. Madini niliyotangaza kanisani yalikuwa yamekaa kwenye kopo karibu na jiko la kila mama Nakuru, na hakuna hata mmoja wao aliyeyapa jina lake.

Nilimwambia Bwana Mizani. Lazima niseme kwa haki kwamba hakucheka. Alisema tu, "Magadi yakichomwa hutoa hewa. Ndiyo maana uzito ulipungua. Mizani ilisema kweli, mimi ndiye niliyeelewa vibaya." Kisha akaongeza: "Na wewe hotuba ilikuwa ndefu kiasi gani?"

Jumamosi asubuhi tulifika kambini pamoja kabla ya Bwana Haraka. Wanawake walikuwa nje wamesimama makundi mawili. Nilisikia sasa kile walichokuwa wakigombania miezi yote. Walikuwa wakienda ufukweni mwa ziwa, wanakwangua magadi, wanayabeba kichwani, wanayaanika kwenye madebe nyuma ya nyumba, na madebe yanapungua. Kila mmoja alimshuku mwenzake. Wawili walikuwa hawasalimiani tangu Pasaka.

"Mjomba," nikasema kwa sauti ya kawaida, "magadi uliyaweka kwenye tanuri kwa kipimo gani?"

Makundi yote mawili yaligeuka. Mjomba hakumtazama Bwana Mizani wala mimi. Alimtazama mkewe, na hapo nikaelewa kwa nini alikubali kufukuzwa kazi kuliko kusema.

"Shikuku," Mama Rasoa akaita, polepole. "Ni wewe?"

"Ngoja nieleze."

"Ni wewe? Mimi nimemwita mke wa Barasa mwizi mbele ya watoto wake!"

"Maharagwe yaliyokaa mwaka mzima," mjomba akasema, mikono ikiwa juu kama mtu aliyekamatwa, "ukiyatia magadi yanaiva kwa nusu ya kuni. Si ndivyo? Wewe mwenyewe ndiye unayefanya hivyo. Nikasema, na huu unga ni jiwe. Jiwe ni haragwe lililokaa zaidi. Nikajaribu debe moja. Likaiva! Kwa kuni nusu! Likatoka jeupe, zuri. Na mwishoni, moto ukishazimwa, nikaongeza konzi, ya kukolezea."

Jambo hilo lilikuwa katika vitabu vyangu, sura ya mwishoni, kwamba soda, ambayo ndiyo magadi, hufanya mchanga uyeyuke na kujipanga kwa moto mdogo zaidi, na hukifunga kile chuma ili rangi ya waridi isitokee. Nilivuka bahari kulisoma. Mjomba alilisoma kwenye sufuria.

Bwana Haraka akafika, akiwa ameshaanza kusema. Nilimwonyesha filamu tatu, nikiziinua juani: ukungu, mistari hafifu, mistari mikali. Alizigeuza juu chini.

"Mimi hapana taka picha. Nyeupe ni mbichi!"

Bwana Mizani hakubishana. Aliomba vitambaa viwili, akavitandaza juu ya ndoo mbili, akaweka unga mbichi huku na unga wa mjomba kule, uliooshwa. Akamimina maji ya tope yenye sukari guru. Upande wa unga mbichi maji yalisimama kama dimbwi. Upande wa mjomba yalishuka yakichirizika, safi, ukaweza kuona mshono wa ndoo chini. Bwana Haraka aliinama, akatazama, akamimina mwenyewe mara ya pili, akatazama tena. Nilimwona kwa mara ya kwanza akinyamaza.

"Hii kitu," akasema hatimaye, "kiwanda ya rangi Nairobi nataka nyeupe hii. Nataka sana."

"Sasa nimefukuzwa," mjomba akauliza, "au sijafukuzwa?"

"Wewe hapana kwenda popote! Wewe tia magadi!"

Watu wa tanuri walipiga kelele, wakamwinua mjomba juu. Hakufurahi sana kule juu, kwa sababu kutoka pale alimwona Mama Rasoa vizuri zaidi.

Ripoti iliandikwa. Jina langu lilikuwa la kwanza, na nililiandika mwenyewe. Bwana Mizani alisoma, akachukua kalamu, akaongeza chini yake: *Shikuku, mkuu wa tanuri, ndiye aliyetangulia.* Nilibisha kidogo. Niliacha.

Baada ya hapo nilikuwa na watu wa kuwalipa. Saa niliirudisha kanisani Jumapili, na waumini walinipokea kwa furaha ambayo sikuielewa hadi waliponiambia kwamba mahubiri ya Jumapili iliyopita yalifika saa nane mchana. Walikohoa, wakadhaniwa wagonjwa, wakaombewa. Kuhusu jiwe jipya, Mzee Yohana hakuniuliza, akatangaza tu kwamba yale maombi yamejibiwa kwa njia nyingine. Pipa na bomba niliyapeleka kwa Mama Nafula nikiwa nimeyang'arisha kwa majivu na limau. Alitazama ndani, akakaribia kulia.

"Umeosha! Miaka sita ya ladha, umeosha!"

Punda nilimpa magunzi mawili ya mahindi yakiwa bado na punje. Yeye peke yake ndiye aliyepokea malipo bila maneno.

Wakabaki wanawake wa kambi. Mama Rasoa alikuwa ameketi nao wakahesabu, na hesabu ilikuwa madebe kumi na moja ya magadi. Hayakuwa yangu mimi kuyalipa, lakini alinieleza kwamba filamu zangu zilipigwa kwa magadi yao, na diploma yangu ilishiba kwenye jasho lao, kwa hiyo nitashuka ziwani na wezi wengine. Jumamosi iliyofuata tulishuka wanaume wanane, mjomba mbele, kila mmoja na kipande cha kibuyu. Jua la Elmenteita likiakisi ule ukoko mweupe linakuchoma kutoka chini na kutoka juu. Tulikwangua, tukajaza, tukapanda nayo kichwani. Mjomba hakusema kitu juu ya moto wa mabua. Alikuwa hana pumzi.

Tuliyapanga madebe mbele ya mlango. Nilijitolea kuyapima usafi wake kwa mashine, bure. Mama Rasoa alipita debe kwa debe, akichovya kidole, akionja, akitema pembeni.

"La tatu lina mchanga. La saba pia. Rudini."

Tukarudi, mimi na mjomba. Tulipopanda mara ya pili jua lilikuwa limeegemea. Alionja tena, akatikisa kichwa juu chini, akawaita wale wawili wasiosalimiana, akawapa debe moja walibebe pamoja, mkono huku na mkono huku, mpaka nyumba ya kwanza na kisha ya pili. Wakalibeba. Kisha akaingia ndani, akatoka na sahani mbili za ugali na kunde.

"Sasa hatudaiani," akasema. "Kuleni."

Kunde zile zilipikwa asubuhi, kabla magadi hayajarudi nyumbani. Zilikuwa ngumu kama kamba ya katani. Mjomba alitafuna akitazama chini, mimi nikatafuna nikitazama ziwa, na hatukuacha hata jani moja.